Ripoti ya mishahara isiyojua safuwima zake

Kisa hiki kilitokea Nairobi kati ya 2023 na 2025. Majina ya kampuni, wateja na watu yameondolewa, na baadhi ya tarakimu za ndani nimezibadilisha ili mteja asitambulike. Sheria, viwango vya makato na tabia za hifadhidata nimeviacha vilivyo.

## Hali ilivyokuwa

Ofisi ni ndogo, watu sita kwenye orofa ya tatu, na kazi yao ni kuwaandalia waajiri wengine mishahara. Wakati huo walikuwa na wateja kumi na mmoja: hospitali, shule ya kibinafsi, duka la vifaa vya ujenzi, shamba la ng'ombe wa maziwa upande wa Kiambu, na wengine wa aina hiyo. Programu iliandikwa kwa lugha ya PHP, data ikikaa kwenye hifadhidata ya MySQL. Mimi niliitwa kama fundi wa nje kwa wiki mbili tu, nikakaa karibu miaka miwili.

Jedwali kuu lilikuwa na mstari mmoja kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi, na safuwima moja kwa kila kato: PAYE (kodi ya mapato), NSSF (hifadhi ya uzeeni), NHIF (bima ya afya), HELB (mkopo wa elimu ya juu), Sacco (ushirika wa akiba na mikopo). Makato yasiyo ya kawaida yalitupwa ndani ya `mengine1`, `mengine2` na `mengine3`. Hospitalini `mengine2` ilikuwa mchango wa mazishi; shuleni ilikuwa karo ya watoto wa walimu. Ufunguo wa siri hizi ulikuwa karatasi iliyobandikwa kwa selotepu kando ya skrini ya karani mmoja. Alipokwenda likizo, karatasi ilipigwa picha ikatumwa kwa WhatsApp.

Umbo hilo lilidumu kwa sababu makato ya kisheria yalikuwa yametulia. NSSF ilikuwa shilingi 200, mwaka nenda mwaka rudi. Kisha Februari 2023 Sheria ya NSSF ya 2013, iliyokuwa imekwama mahakamani kwa miaka, ikaanza kutumika: asilimia 6 kwa madaraja mawili, shilingi 360 kwa la kwanza na hadi 720 kwa la pili. Waajiri waliopeleka mchango wa daraja la pili kwenye mfuko binafsi wa pensheni walitaka madaraja yaonekane mbalimbali, kwa hiyo safuwima moja ikazaa mbili. Julai mwaka huohuo ukaja ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri.

Kulikuwa na ripoti 17, kila moja imeandikwa kwa mkono, kila moja ikitaja safuwima zake kwa majina. Sheria ikibadilika, mtu anafungua faili 17. Kila mara mbili au tatu zilisahaulika, na tulijua zilizosahaulika pale mteja alipopiga simu.

## Uamuzi wa kwanza: data isimame wima

Agosti 2023 tuliunda jedwali jipya, `makato`, lenye vitu vinne tu: mfanyakazi, mwezi, aina ya kato, kiasi. Kando yake tukaweka jedwali dogo la `aina_za_makato`, namba na jina. Kato jipya likija, karani anaongeza mstari mmoja na hakuna anayegusa muundo. Uamuzi huo sijaujutia hata siku moja, na `mengine2` ilizikwa bila matanga.

Lakini mhasibu hasomi data wima. Anataka jina la mtu kushoto, makato yakifuatana kuelekea kulia, jumla mwisho. Lazima mistari igeuzwe kuwa safuwima, na hapo hifadhidata ina ukaidi wake: swali la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, hutakiwa kujua idadi na majina ya safuwima zake kabla halijasoma hata mstari mmoja wa data. Ukaidi huu si wa MySQL peke yake. SQL Server na Oracle, hifadhidata nyingine, zina PIVOT, amri ya kugeuza mistari kuwa safuwima, lakini ndani yake unaorodhesha thamani moja baada ya nyingine. Oracle hukuachia usiorodheshe pale tu unapokubali jibu la XML. PostgreSQL ina `crosstab`, nayo inakudai uitajie safuwima itakazorudisha. MySQL haina hata PIVOT.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni swali linaloandika swali. Unasoma aina za makato za mteja, kwa kila aina unatunga kipande kama hiki:

```
SUM(CASE WHEN aina_id = 7 THEN kiasi END) AS `Mkopo wa Karo`
```

unaviunga vyote kwa `GROUP_CONCAT`, unavizungushia `SELECT` na `GROUP BY mfanyakazi`, kisha unaipa MySQL maandishi hayo iyatekeleze kwa `PREPARE`. Ripoti moja inawatosha wateja wote. Niliiandika mimi mwenyewe, kwa siku mbili, na niliipenda mno. Sababu za kuichagua zilikuwa za haki kwa wakati ule: mishahara ya Agosti ilikuwa imekaribia, na upande wa PHP haukuhitaji kubadilika, kwani ulipokea jedwali pana kama yale uliyoyazoea. Ripoti 14 kati ya 17 zikafutwa. Tatu zilizobaki nitazirudia.

## Ng'ombe, herufi 1024, na jina lililofutwa

Kosa la kwanza lilikuja mapema na lilikuwa la aibu. Toleo la awali lililinganisha kwa jina la kato, si kwa namba, na jina lilifungwa kwa alama moja ya nukuu. Shamba la maziwa huwakopesha wafanyakazi mitamba, kwa hiyo karani akaandika kato jipya: Mkopo wa Ng'ombe. Ritifaa ya ng' ikaifunga nukuu mahali pasipotakiwa na ripoti nzima ya shamba ikaanguka. Mtu yeyote anayeandika programu kwa lugha yenye ng' angepaswa kuliwaza hilo kabla ya kulala. Tukahamia namba ile siku, ndiyo maana kipande cha juu kina `aina_id`. Jina hata hivyo bado liliingia ndani ya swali kama kichwa cha safuwima, na majina ya safuwima hayawezi kupitishwa kama vigezo vya kawaida vya swali lililoandaliwa. Vigezo hubeba thamani tu. Yaani chochote alichokiandika karani kwenye kisanduku cha jina kilikuwa kinageuka kuwa sehemu ya amri. Tuliona hatari hiyo, tukaweka kichujio cha herufi, tukaendelea.

La pili lilitukuta tarehe 29 Oktoba 2024. NHIF ilikuwa imeondoka na SHIF, bima mpya ya afya, imeanza mwezi huo, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Hospitali ilikuwa na aina 16 za makato. SHIF ikawa ya 17, kwa sababu NHIF ilibaki kwa ajili ya malimbikizo ya miezi ya nyuma. Ripoti ikakataa, kosa namba 1064, makosa ya sarufi ya SQL. Wateja wengine wote, SHIF ikiwemo, walikuwa sawa.

Tulipoteza saa nne tukitafuta neno la ajabu katika data ya hospitali, maana akili zetu zilikuwa bado kwa ng'ombe. Mwishowe kijana mmoja wa ofisi, aliyekuwa na miezi mitatu tu kazini, akachapisha swali lote lililotungwa badala ya kulitekeleza. Lilikatika katikati ya jina la SHIF. `GROUP_CONCAT` katika MySQL ina kikomo cha baiti 1024 usipokibadilisha, na ikifika hapo hukata na kutoa onyo, si kosa. Vipande vyetu vilikuwa na wastani wa herufi 61 pamoja na mkato: 16 vinafika kama 976, cha 17 kinavuka. Mteja wetu wa majaribio alikuwa na makato tisa. Mstari mmoja wa kupandisha `group_concat_max_len` ulitosha, na hospitali ikalipa watu wake siku iliyofuata.

Kosa la tatu halikutoa kelele, nalo ndilo lililotubadilisha.

Januari 2025 mhasibu wa duka la vifaa, mama wa makamo ambaye hesabu zake huzipitia kwa rula na kalamu nyekundu, alikuwa akiandaa muhtasari wa mwaka wa kila mfanyakazi. Akapiga simu.

"Kijana, hebu niambie. SHIF ilianza lini?"

"Oktoba, mama."

"Basi mbona meneja wangu amekatwa SHIF tangu Januari? Na mbona ni shilingi elfu moja mia saba, halafu Oktoba inaruka elfu tatu mia tatu?"

Alikuwa tayari na jibu. Alitaka tu nilisikie mwenyewe. Shilingi 1,700 ndicho kilichokuwa kiwango cha juu cha NHIF, kwa anayelipwa kuanzia 100,000. Asilimia 2.75 ya mshahara wa 120,000 ni 3,300. Pesa za taasisi mbili zilikuwa zimewekwa chini ya kichwa kimoja. Mwanzoni mwa Oktoba karani alifungua `aina_za_makato` na, badala ya kuongeza mstari, akafuta neno NHIF akaandika SHIF. Kazi ya dakika moja. Hospitali na wateja wengine kadhaa waliongezewa mstari kwa sababu waliomba NHIF ibaki; watano hawakuomba, na kwa hao jina lilibadilishwa tu. Kwa miezi mitatu ripoti za kila mwezi zilionekana sahihi kabisa, kwani hakuna aliyechapisha Septemba upya.

Hapo nikaelewa tulichokuwa tumekijenga. Katika ripoti za zamani, kichwa cha safuwima kilikuwa ndani ya msimbo na kukibadilisha kulihitaji mwanaprogramu. Sasa kichwa kilikuwa data, na mwenye ruhusa ya kuhariri neno moja alikuwa na ruhusa ya kuandika upya historia ya mwaka mzima, bila kujua. Karani hakufanya kosa ambalo skrini ilimwonya asilifanye. Kisanduku kilikuwa wazi, kikiangaza.

## Uamuzi wa pili: maswali mawili

Februari 2025 tulikaa chini tena. Kulikuwa na mapendekezo matatu mezani. Moja, kuacha kila kitu kama kilivyo na kumnyima karani ruhusa ya kuhariri majina. Mbili, kuhifadhi makato ya kila mfanyakazi kama JSON, maandishi huru ya majina na thamani, kwenye safuwima moja, ili umbo liwe huru kabisa. Tatu, kutoa kazi ya kugeuza nje ya SQL.

La kwanza lingezuia kosa lile na kuacha mengine yote. La pili nililipinga. JSON ingetuwezesha kuandika haraka, lakini swali kama "HELB ya wafanyakazi wote kwa robo ya pili" lingekuwa mateso, na makosa ya tahajia yangezaa makato mapya bila mtu kuyaalika. Tukachukua la tatu.

Sasa ripoti inaanza na swali la kwanza: kwa mteja huyu na kipindi hiki, safuwima ni zipi, kwa mpangilio gani? Jibu ni orodha. Swali la pili huleta visanduku: mfanyakazi, aina, jumla ya kiasi, kama vilivyo, wima. PHP hujenga jedwali: kwa kila mfanyakazi inapita orodha na kuchukua kisanduku chenye namba inayolingana. Hakuna jina la kato linaloingia ndani ya SQL tena, hivyo ng'ombe anapita bila kichujio, na ile hatari ya amri imeondoka pamoja naye.

Kulikuwa na hofu ya kasi. Mteja mkubwa ana wafanyakazi wapatao 400 na safuwima 18. Hivyo ni visanduku 7,200, na kompyuta yoyote ya ofisini huvipanga kabla hujainua kikombe. Kama tungekuwa na mamilioni ya mistari ningefikiri upya, ila hata hapo mistari hujumlishwa ndani ya hifadhidata kwanza. Kinachotoka nje ni visanduku vya ripoti tu.

Kazi kubwa ilihamia kwenye orodha yenyewe. `aina_za_makato` iliyokuwa na namba na jina ikawa katalogi: jina la kuchapishwa, nafasi, kundi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma, nani analipa, inajumlishwa au la. Jina la aina iliyokwisha kutumika halihaririwi. Unaifunga kwa tarehe na kufungua nyingine. NHIF ilifungwa 30 Septemba 2024, SHIF ikafunguliwa siku iliyofuata, na mistari ya zamani ya wale wateja watano tukairudisha chini ya NHIF kwa mkono, tukilinganisha na nakala za hifadhi za Septemba.

Tarehe hizo zilitupa zawadi ambayo hatukuitegemea. Mapema 2024 mahakama ilikuwa imesimamisha ushuru wa nyumba, na ukarudi Machi kwa sheria mpya. Ripoti za zamani zilichapisha pengo hilo kama sifuri, na kila mkaguzi aliuliza kwa nini watu hawakukatwa. Sasa kipindi ambacho kato halikuwepo kisheria kinachapishwa kistari, na sifuri inabaki kwa aliyestahili kukatwa akakatwa sifuri. Tofauti ndogo, lakini iliondoa simu nyingi.

## Jumla na karatasi

Tulipojaribu toleo jipya, safuwima ya mwisho, "Jumla ya makato", ilizidi kwa kiasi kikubwa. Ripoti ya jumla ilikuwa inajumlisha kila ilichokiona, na katika ilichokiona kulikuwa na sehemu ya mwajiri: asilimia 1.5 yake ya ushuru wa nyumba na mchango wake wa NSSF. Hizo si makato ya mfanyakazi. Kwa mteja mmoja tulikuta pia salio la mkopo limewekwa kama aina ya kato, na kwa mwaka mzima ripoti ikajumlisha salio la Januari na la Februari na la Machi, mkopo mmoja ukihesabiwa mara kumi na mbili. Ndiyo sababu ya zile sehemu mbili za katalogi, anayelipa na kama inajumlishwa. Hapa ripoti ya kujitungia ina ujinga ambao ripoti ya mkono haina: aliyeandika ya mkono alijua salio ni salio.

Karatasi nayo ina sheria zake. A4 ikilazwa ni milimita 297. Toa pambizo za sentimita moja kila upande, toa 45 za jina, zinabaki 232. Tarakimu ya laki yenye mkato inataka kama 15 ili isomeke. Safuwima 15, basi. Hospitali ina 18. Kwenye Excel haijalishi, lakini bodi ya hospitali hutia saini karatasi. Tulikubaliana zinazozidi ziunganishwe chini ya "Mengineyo", kuanzia zenye nafasi ya chini kabisa kwenye katalogi, na kiambatisho kizitaje moja moja. Ndiyo, `mengine` ilirudi. Angalau sasa ina kiambatisho.

## Matokeo

Kato jipya leo huchukua dakika chache na haligusi msimbo. Februari 2025, viwango vya NSSF vilipopanda tena, hapakuwa na safuwima ya kubadilisha. Hakuna ripoti iliyoanguka mwisho wa mwezi tangu toleo jipya lianze. Marekebisho ya wale wateja watano yalituchukua siku tisa, na mteja mmoja aliondoka. Hakusema ni kwa sababu hiyo, nasi hatukuuliza.

## Uchambuzi

Ukinilazimisha nitaje kosa la msingi, sitataja baiti 1024. Kikomo kile kilitupa usiku mmoja mbaya, kikatibiwa kwa mstari mmoja. Kosa ni kwamba Agosti 2023 tulilitazama tatizo kama la SQL: tunageuzaje mistari iwe safuwima? Tulilijibu vizuri. Hatukuuliza safuwima ni nini kwa mtu wa mishahara. Kwake ni kitu chenye mwanzo, mwisho, mlipaji na taasisi inayopokea, na jina ni sehemu yake ndogo. Jedwali la namba na jina lilibeba ile sehemu ndogo peke yake.

Kilichofanya kazi: data wima, tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo uamuzi wa pili haukugusa data hata kidogo isipokuwa ile mistari ya NHIF, na tuliweza kuendesha ripoti ya zamani na mpya sambamba kwa miezi miwili tukizilinganisha. Tulilinganisha jumla kwanza, jambo ambalo lilituficha mengi, kisha kisanduku kwa kisanduku.

Majaribio yalikuwa dhaifu kwa namna mahususi. Msimbo unaotunga maswali hubadilika kila data inapobadilika, kwa hiyo kuujaribu kwa mteja mmoja mwenye makato tisa ni kujaribu swali moja kati ya mengi utakayoyatunga. Tungekuwa na mteja wa uongo mwenye makato arobaini na majina yenye ng', asilimia na mabano, makosa mawili ya kwanza yangekufa siku ileile.

Kuhusu zile ripoti tatu ambazo hatukuzifuta: ni faili za kupeleka serikalini, ikiwemo P10, taarifa ya PAYE ya kila mwezi kwa KRA, mamlaka ya kodi. Mwenzangu mmoja alitaka nazo ziingie kwenye mfumo mpya ili "kila kitu kiwe kimoja". Nilikataa na bado nakataa. Safuwima za P10 anazipanga KRA, si katalogi yetu, na karani akisogeza nafasi ya HELB faili isitikisike. Zimeandikwa kwa mkono, majina yamo ndani ya msimbo, na zikibadilika mtu anafungua faili. Mwenzangu huyohuyo alitumia wiki sita kujenga skrini ya mteja kujichagulia safuwima zozote. Tulipoangalia kumbukumbu za matumizi, wateja kumi walikuwa wakitumia mipangilio mitatu ileile.

Moja halijaisha. Kuanzia tarehe 27 Desemba 2024 sheria iliruhusu SHIF na ushuru wa nyumba vitolewe kabla ya kukokotoa kodi ya mapato. Kabla ya hapo vilikatwa baada ya kodi. Katalogi inalijua hilo, kundi lina tarehe. Lakini ripoti inayoanza Oktoba 2024 na kuishia Machi 2025 ina SHIF moja yenye makundi mawili, na safuwima moja haiwezi kukaa kushoto na kulia kwa PAYE. Tumeiweka katika kundi la mwezi wa mwisho wa ripoti, na maelezo kwa herufi ndogo chini. Yule mama wa duka la vifaa ameyazungushia maelezo hayo duara jekundu.